Dakika Moja na Nusu ya Macho Yaliyofumbwa

Kwa miaka tisa nimekuwa mtaalamu wa muziki wa filamu, cheo nilichojipa mwenyewe kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kunipa. Mshahara wangu unatoka kwingine. Nafanya kazi katika ghorofa ya chini ya hospitali moja ya Saint Paul, huku Amerika, ambako tunaosha vyombo vya upasuaji, tunavikagua kwa lenzi, tunavipanga kwenye trei na kuviingiza katika mtambo wa mvuke. Ni kazi ya utaratibu na haina makofi. Mkasi ukirudi kwa daktari ukiwa safi, hakuna anayepiga simu kupongeza.

Masomo yangu niliyafanyia ndani ya treni. Kutoka Richfield ninakoishi napanda basi, kisha treni ya Green Line, na muda huo wenzangu huutumia kulala au kubishana kwa simu na jamaa walioko Kenya kuhusu mipaka ya shamba. Mimi nilivaa visikizi nikasikiliza filamu bila kuzitazama. Mara ya kwanza nilisikiliza nikiwa nimelaza simu kifudifudi. Mara ya pili nilitazama picha bila sauti. Mara ya tatu niliviunganisha, nikaandika katika daftari muziki ulianza dakika gani, ulikoma wapi, na ulifanya kazi gani ambayo picha ilishindwa kuifanya. Nina madaftari saba. Mke wangu huyaita masomo ya mtu asiye na mtihani.

Niligundua mengi ambayo hakuna aliyeniuliza. Kuna watunzi wa nyimbo, wanaompa kila mhusika wimbo wake mdogo kama kitambulisho, ili hata ukiwa jikoni unakaanga vitunguu ujue kwamba mwovu amefika. Kuna watunzi wa ukungu, ambao hawana wimbo hata mmoja. Wao hubonyeza noti moja ya chini, huiacha ingurume dakika nne, na magazeti huandika kwamba kazi hiyo ina ujasiri. Wengine hutembea hatua kwa hatua na picha, paka akiruka na filimbi inaruka, kana kwamba mtazamaji ni kipofu au mjinga, au amebahatika kuwa yote mawili.

Kuhusu sintesaiza niliandika daftari zima. Kwa asiyeijua, ni kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti zake chenyewe, na mpigaji huzichonga kwa vitufe vya kuzungusha, kama fundi anayelegeza na kukaza skrubu. Mtunzi kijana huanza na sintesaiza kwa sababu hana uwezo wa kulipa okestra. Akifaulu, anapewa okestra inayojaza ukumbi, na hapo anaanza kuhubiri juu ya roho ya mbao na nyuzi. Akizeeka, na okestra zikishawachosha watu, anarudi kwa sintesaiza ileile aliyokuwa ameificha chini ya kitanda, na safari hii anaitwa mwenye maono. Chombo hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni umri wa mtu anayekisifu.

Jambo moja lilinisikitisha kwa dhati, nalo ni jinsi watu hawa wanavyochaguliwa maisha. Mtunzi akifanikiwa kutisha watu mara moja, ataitwa kutisha watu hadi azikwe. Anaweza kuwa na wimbo wa harusi kifuani, hakuna atakayemuuliza. Nilipiga mstari chini ya maneno hayo nikijua kwamba hayanihusu, kwa kuwa mimi sikuwa nimefanikiwa katika lolote.

Sintesaiza yangu niliinunua Bloomington kwa mtu aliyekuwa anaondoa vitu katika chumba cha chini ya nyumba yake. Alinisaidia kuibeba hadi kwenye gari, akaniuliza kama ni ya kanisa. Nilimwambia hapana, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa.

Kanisa letu, nalo liko Bloomington, nyuma ya safu ya hoteli, lilikuwa na kinanda tayari na mtu wa kukipiga. Siku za kazi mtu huyo huendesha basi dogo la hoteli, akipeleka wageni uwanja wa ndege na kuwarudisha. Jumapili hukaa pembeni ya mimbari akimwangalia mchungaji. Mchungaji akisema "tuombe," kabla neno halijafika mwisho, mikono ya jamaa imeshatua, na sauti ndefu laini kama ya nyuzi inajaa ukumbini. Haina mdundo wala wimbo, inapanda na kushuka chini ya maombi mpaka amina. Kila aliyekulia katika makanisa yetu anaijua. Tangu nihamie hapa hajawahi kubadilisha mlio wa kinanda kile, na nilishawishika kwamba hajui kuwa unabadilika. Katika madaftari yangu nilimweka miongoni mwa watunzi wa ukungu, kwenye tanbihi.

Basi Jumapili moja, baada ya ibada, alinijia dada mmoja ambaye nilimfahamu kwa salamu tu. Alikuwa muuguzi, miaka kama thelathini na sita, na kabla ya hapo alikuwa amehudumia wazee majumbani kwao kwa miaka mingi.

"Anko, nasikia wewe ndiye mtu wa muziki wa sinema."

Nilimuuliza nani kamwambia. Alisema ni mke wangu, na kwamba hakuwa amelisema kama sifa.

Alikuwa ametengeneza filamu ya dakika arobaini. Alikuwa ameipiga wikendi baada ya wikendi, kwa kamera ya kuazima, na waigizaji waliofika wakiwa wamevaa sare kwa sababu walitoka zamu au walikuwa wanakwenda zamu. Ilimhusu mwanamke wa Kenya anayemtunza mzee Mmarekani aliyepoteza kumbukumbu. Mzee huyo aliigizwa na jirani yake wa Richfield, fundi mstaafu wa uwanja wa ndege, ambaye kumbukumbu zake ziko timamu na hakuacha kutukumbusha jambo hilo.

Tuliiangalia kwenye kompyuta yangu. Karibu na mwisho kuna sehemu ambayo mwanamke anamlisha mzee uji asubuhi. Simu inatetemeka juu ya meza. Anaipokea, anasikiliza, anasema, "Nimesikia, Baba," anaiweka chini. Kisha anashika kijiko na kuendelea kulisha. Kwa dakika moja na nusu hakuna neno. Kamera inakaa kwenye mikono yake, inapanda taratibu hadi usoni, na hapo mzee, ambaye tangu mwanzo wa filamu hajamtambua hata mara moja, anavua kitambaa chake cha kifuani na kumpangusa machozi.

Nilimwambia picha hiyo ni nzuri. Ilikuwa zaidi ya nzuri, lakini nina desturi ya kupima maneno.

"Ni mimi," alisema. "Mama alipofariki nilikuwa kazini, na makaratasi yangu hayakuniruhusu kusafiri kwenda kumzika. Aliyepiga simu ni Baba. Hajawahi kuniuliza nilikuwa nafanya nini. Nikianza kumweleza, anabadilisha maneno."

Baba yake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa Kitale, na wakati huo alikuwa amekuja kumtembelea. Dada alikuwa amepata nafasi chuoni ya kusomea shahada ya juu ya uuguzi, na alitakiwa kujibu kufikia Jumatatu, siku mbili baada ya siku iliyopangwa kuonyesha filamu. Yeye hakuitaka. Alitaka kupunguza zamu atengeneze filamu nyingine. Alikuwa amemwomba baba yake aione hii kwanza, kisha aseme, na ambacho angesema ndicho angekifuata. Kwa mtazamo wa baba huyo, kuacha uuguzi kwa ajili ya sinema ni sawa na kuuza ng'ombe ili ununue picha ya ng'ombe. Lakini alikuwa amekubali kutazama.

Hapo ndipo mimi nilipoingia na utaalamu wangu.

Wahariri wa filamu wana desturi ya kubandika muziki wa filamu nyingine mahali ambapo muziki wenyewe haujatungwa. Mwongozaji huuzoea, huupenda, kisha humwambia mtunzi: nataka kama ule, lakini usiwe ule. Dada naye alikuwa amebandika huku na kule, na nilijibu kwa huzuni ya kitaalamu kama inavyotakiwa. Ila katika sehemu ile ya uji hakuwa ameweka kitu. Ilisikika friji tu.

"Hapa umeacha wazi," nilimwambia.

"Sikujua niweke nini. Labda hapahitaji."

"Kila mahali panahitaji kitu," nilisema. Nilikuwa nimengoja miaka tisa. Sikuwa tayari kuzidiwa na friji.

Nilifanya kazi kwa wiki sita. Nilipima kila tendo kwa sekunde. Nilichagua sauti mbili zilizotofautiana kidogo sana, ili zikisikika pamoja zitoe mtetemo mdogo kama pumzi. Zilianza chini kabisa mara tu simu inapowekwa mezani, nami nikazungusha kitufe polepole, kwa dakika moja na nusu bila mkono kutetemeka, mpaka zikafunguka kama pazia mzee anapoinua kitambaa. Nilisikiliza kwa visikizi nikaona, samahani kwa majivuno, kwamba nimewafikia wakubwa.

Jumamosi yenyewe nilifika mapema. Filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa kanisa, kwa kuwa waumini hawaulipii. Mpiga kinanda ndiye mwenye ufunguo wa spika. Tuliunganisha nyaya, nikamchezea sehemu yangu kupima sauti. Aliinua kichwa.

"Hiyo ni ya maombi, mzee."

"Hiyo ni ya filamu."

"Sawa. Lakini humu ndani, hiyo ni ya maombi."

Nilimweleza, kwa uvumilivu, tofauti kati ya kinanda kinachoiga nyuzi na sintesaiza inayozaa sauti mpya. Nilitaja ule mtetemo. Nadhani nilitaja pia historia. Alinisikiliza kwa adabu ya dereva anayengoja abiria amalize kutafuta pasipoti.

Tulialika watu kwa saa kumi, kwa hiyo tulianza saa kumi na moja na robo. Mwalimu, kama wote walivyomwita yule baba, aliketi safu ya mbele akiwa na koti la suti na kofia. Mchungaji alifungua kwa maombi, na mpiga kinanda akayabeba kwa sauti yake ileile. Yalikuwa marefu. Aliombewa aliyetengeneza filamu, walioigiza, watakaosafiri baada ya filamu, na umeme.

Kisha taa zikazimwa, na kwa nusu saa nilikuwa mtu mwenye furaha. Watazamaji wetu hawanyamazi. Walimshauri mwanamke wa kwenye filamu asikubali shifti ya pili, walimcheka msimamizi wake, na mama mmoja alitangaza kwamba bosi kama huyo anamjua, na yuko Saint Paul hadi leo. Watoto waliuliza maswali kwa Kiingereza na kujibiwa kwa Kiswahili wanyamaze.

Uji ulifika mezani. Simu ikatetemeka. "Nimesikia, Baba." Ukumbi ulitulia. Alipoiweka simu chini, sauti yangu iliingia kwenye spika za kanisa, laini na ndefu. Mtetemo wangu wa wiki sita haukusikika kabisa, kwa sababu spika zile zimezoea jambo moja.

Mama wa safu ya pili alivua miwani, akafumba macho. Aliyekaa naye akainamisha kichwa. Kutoka nyuma nilipokuwa nimesimama, niliona visogo vikishuka safu baada ya safu, kama mtu anayefunga madirisha ya nyumba. Habari ya msiba imefika, sauti imeingia. Walifanya walichofundishwa tangu utotoni. Mtu mmoja alianza kunong'ona, "Asante, Bwana," na wengine wakafuata. Mwalimu aliweka kofia gotini, akashika paji la uso, akainama.

Juu ya vichwa vyote hivyo, kwenye ukuta mweupe, uso wa yule mwanamke ulijitokeza ukubwa wa mlango, na mzee akavua kitambaa chake.

Dada alikuwa amesimama pembeni ya ukuta. Alimtazama baba yake, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimetundika visikizi shingoni, kama wataalamu wafanyavyo.

Muziki ulipoisha, ukumbi mzima ulisema "Amina." Waliinua macho wakamkuta mwanamke yuko kituo cha basi.

Sitasimulia pongezi zote. Niliambiwa filamu ina upako. Niliambiwa kwamba mtu amekuwa akitazama sinema tangu aje Amerika na hajawahi kuguswa namna hii, naye nilimwona mwenyewe akiwa ameziba macho kwa viganja viwili. Mwalimu alinishika mkono kwa heshima. Kwa binti yake alisema kwamba ni filamu nzuri ya dini, na kwamba kesho yake wangekaa waandike jibu la kukubali nafasi ya chuo. Dada alisema, "Sawa, Baba." Alilisema kwa sauti ileile ya "nimesikia."

Nilibaki kukunja nyaya na mpiga kinanda. Nilitegemea anikumbushe alivyoniambia. Hakunikumbusha.

"Yule mzee wa kizungu," alisema, "kampangusa na kitambaa chake mwenyewe. Chenye uji."

Nilisimama. "Wewe uliona?"

"Mimi huwa sifumbi macho. Nikifumba, nitajuaje mchungaji amefika wapi?"

Kwa miaka yote ile nilikuwa nimekaa naye ukumbi mmoja, nikimchukulia kuwa mtu aliyelala juu ya kinanda. Kumbe ndiye pekee aliyekuwa anafanya kile nilichokuwa nakisoma kwenye treni: kuangalia picha na kuamua. Nilimuuliza, na haikuwa rahisi kwangu kuuliza, yeye angefanya nini pale kwenye uji.

"Kuna mahali mchungaji huwa analia. Hapo mimi huachia mikono. Ukiendelea kupiga wakati huo, unamwibia."

Nilikwenda nyumbani nikaiondoa sehemu yangu. Wiki sita zilifutika kwa kubonyeza mara moja. Kilichobaki ni friji, kijiko kikigusa ukingo wa bakuli, na mzee akivuta pumzi ya pua kati ya funda na funda. Nilisikiliza mara tatu, kwa utaratibu wangu, nikitafuta mahali ambapo ningeweza kurudisha angalau noti moja. Hapakuwapo.

Jumapili mchana nilibisha hodi kwa dada, nikiwa na kompyuta kwapani. Mwalimu alikuwa mezani, kalamu iko tayari, barua ya chuo imelazwa mbele yake na miwani juu yake. Nilimwambia kwamba jana mtambo wangu ulikuwa na kasoro, na nikaomba dakika mbili arudie kuangalia mahali padogo. Nilisema mtambo. Nilikuwa bado sijafikia kiwango cha kusema mimi.

"Endelea, mtaalamu," alisema, kwa ukarimu wa mwalimu mkuu anayempa nafasi ya pili mwanafunzi wa mwisho.

Simu ilipotetemeka kwenye filamu, mkono wake ulikwenda kwenye mfuko wa shati kutafuta yake. Halafu akaelewa, lakini mkono ulibaki pale. Alitazama kijiko kikishuka na kupanda. Alimtazama mzee akivua kitambaa. Hakuna kilichomwambia afumbe macho, kwa hiyo hakufumba. Picha ilipoingia kituo cha basi, niliizima.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na birika la chai.

"Ulisema 'nimesikia,' ukakata," Mwalimu alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Nilikasirika. Niliwaambia ndugu zako, Amerika imemfanya jiwe. Siku zote hizi nimekuwa nikijua hivyo."

Mwalimu aliiokota miwani iliyokuwa juu ya barua akaisogeza pembeni, kama mtu asiyejua mikono yake inataka nini.

"Kumbe ulikuwa na kijiko mkononi. Ulimaliza kumlisha?"

"Nilimaliza."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Kisha akaisoma barua ya chuo tangu juu hadi chini, akaikunja mara mbili, na kusema kwamba barua ya kukataa huandikwa kwa heshima zaidi kuliko ya kukubali, na kwamba yeye asingependa watu wa chuo waone makosa. Binti aandike, yeye atasahihisha. Dada alimimina chai, na nyingi iliingia kwenye sahani ya kikombe. Niliaga nikiwa sijanywa yangu.

Filamu hiyo sasa imeonyeshwa mahali kadhaa, na jina langu bado limo mwishoni, kwenye mstari wa muziki. Watu wanaoielewa filamu huniambia kwamba sehemu bora kuliko zote ni ile ya uji. Nawashukuru. Ni dakika moja na nusu ambayo sikutunga.

Ile niliyoitunga haikupotea pia. Wiki iliyofuata mwenyekiti wa kina mama alinipigia simu. Wana juma la maombi, na walitaka ile sauti ya kwenye filamu.

"Iwe ileile, Anko," alisema, "lakini ndefu zaidi. Dakika ishirini hivi."

Nilimwambia kwamba ninaweza pia kuandika mambo mengine: mbio za magari, harusi, hata vichekesho. Alicheka vizuri sana akarudia dakika ishirini.

Nimeshawapelekea sauti za juma la tatu la maombi sasa. Mpiga kinanda huketi karibu nami ninaporekodi, na akigusa bega langu naachia mikono. Nikipita Bloomington humkumbuka yule mtu aliyeniuliza kama chombo hiki ni cha kanisa. Ningekuwa bado na namba yake, ningempigia kumpa jibu.